Sala ya jioni katika nyumba ya mbao: imani na ujasiri wa familia za Goma

Familia nyingi za Goma zinasali. Pita mitaa ya Mabanga, Katoyi au Ndosho saa moja usiku, utasikia nyimbo zikivuka ukuta wa mbao na kuingia kwa jirani. Ila kuna nyumba ambamo watu husali saa nzima, wanalala, na asubuhi woga uko palepale walipouacha. Kuna nyumba nyingine ambamo sala ni fupi, lakini ikiisha kila mtu anajua atafanya nini ardhi ikitetemeka usiku wa manane. Tofauti ya nyumba hizo mbili ndiyo tunayoiandika hapa, kwa ajili ya wazazi wanaolea watoto katika mji huu wenye volkano juu, ziwa chini na vita pembeni. Msimamo wetu ni huu: sala ya familia izae kazi yenye jina la mtu. Pasipo hivyo tunamrudishia Mungu mambo ambayo yeye ametukabidhi sisi.

Tuanze na saa yenyewe. Jua hapa linatua karibu saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, na umeme hauna ahadi. Familia zinazosali baada ya chakula hupoteza watoto wadogo: mtoto wa miaka minne aliyeshiba fufu na sombe hafiki mwisho wa wimbo wa kwanza. Zinazosali wakati chungu kiko motoni humpoteza mama, maana sikio lake moja liko kwenye mbabula, jiko la makala. Saa inayofaa ni pale chungu kinapoepuliwa, kabla ya kupakua. Kifunike, chakula kitabaki na moto kwa dakika kumi na tano, na njaa yenyewe itamzuia mhubiri asirefushe.

Dakika kumi na tano zinatosha. Wimbo mmoja ambao hata mdogo anaujua. Neno, mistari isiyozidi kumi, isomwe na mtoto anayejua kusoma, mara mbili, polepole. Kisha kila mmoja aseme jambo moja la kushukuru na jambo moja linalomtia woga, kwa sentensi moja moja. Baba Yetu. Halafu kabla ya Amina ya mwisho, kazi za kesho: nani anaenda kuchota maji, nani anampeleka mdogo shule, nani anapita kwa bibi kuona kama amekunywa dawa yake. Hapo kwenye kazi ndipo familia nyingi hukatia njiani, kwa kudhani mambo ya bidoni na dawa ni ya dunia hii na hayafai kuchanganywa na sala. Sisi tunasema yachanganywe. Mtoto aliyesema anaogopa kwenda ziwani peke yake, akasikia kaka yake akitajwa kumsindikiza, ameona sala ikijibiwa mbele ya macho yake.

Yanayoharibu sala ya nyumbani yanajulikana. La kwanza ni sala ya kuchokozana: baba anafumba macho na kumwomba Mungu awaguse “wale wanaomaliza pesa za nyumba bila hesabu”, na mama akipata zamu anawaombea “wale wanaorudi usiku bila kusema walikuwa wapi”. Watoto wanaelewa kila neno. Ugomvi wa wazazi uongelewe chumbani, au mbele ya wasimamizi wa ndoa, usipitishwe mbinguni ili umpige mwenzako. La pili ni kufanya sala adhabu: “Kwa kuwa umevunja sahani, leo utasali rozari nzima.” Mtoto huyo akiwa na miaka kumi na sita ataikimbia rozari kama anavyokimbia fimbo. La tatu ni mmoja kushika zamu kila siku. Zamu zizunguke, na siku ya mtoto wa miaka saba, hata akisema maneno matatu tu, yawe ndiyo sala ya siku hiyo. Asisahihishwe.

Siku hizi nyumba nyingi zina wageni waliokimbia vita kutoka maeneo ya Masisi, Rutshuru au Nyiragongo, na wageni hao huja na madhehebu yao. Chini ya bati moja utakuta Mkatoliki, Mpentekoste, Msabato na pengine shangazi aliyeolewa na Mwislamu. Wasipopangiwa, kila mmoja atasali kwa sauti kushinda mwenzake. Tumieni kile ambacho wote wanacho: Zaburi, Baba Yetu, wimbo usioleta ubishi. Asiye Mkristo apewe nafasi ya kukaa kimya pamoja nanyi na kutaja shukrani na woga wake kama wengine. Mabishano ya ubatizo na ya Sabato yana siku zake, na siku hizo si usiku ambao watu kumi na mbili wanalala katika vyumba viwili.

Kuhusu woga tuseme zaidi, maana hapo ndipo imani hujulikana. Wazazi wengi wakisikia mlio wa mbali humwambia mtoto, “Hakuna kitu, lala.” Mtoto amesikia kitu. Sasa ana mashaka mawili: ule mlio, na neno la baba. Afadhali kukitaja: “Ni radi.” “Ni ardhi inatetemeka, ikizidi tutatoka nje pamoja.” “Ni risasi, ziko mbali, tunalala chini karibu na ukuta wa mawe mpaka zinyamaze.” Sauti iwe ya chini na ya kawaida. Ukiona mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani ameanza tena, au ananing'inia kwenye kitenge cha mama mchana kutwa, au hataki kula, usimpige wala usimcheke mbele ya wenzake. Alale karibu na mkubwa kwa muda, arudishiwe ratiba yake ya kila siku haraka iwezekanavyo, na apewe kazi ndogo ya mkono: kushika tochi wakati wa sala, kuhesabu bidoni. Mkono wenye kazi hautetemeki sana. Kama wiki kadhaa zimepita na hali haibadiliki, mpelekeni kituo cha afya.

Wazazi nao wanaogopa, na si kosa kukiri. Baba anayesema, “Na mimi naogopa, ndiyo maana tumepanga hivi,” anamfundisha mtoto kwamba woga na ujasiri hukaa katika kifua kimoja. Kwa usiku wa namna hiyo familia iwe na Zaburi moja iliyokaririwa na wote, kwa sababu gizani hakuna anayesoma. Ya 46 inafaa Goma kuliko nyingine, maana inataja nchi kubadilika na milima kutetemeka. Mistari yake mitatu ya kwanza inatosha. Mtoto wa miaka sita ataishika kwa wiki mbili mkiirudia kila jioni.

Sasa mlima. Volkano ya Nyiragongo ilitoa lava tarehe 10 Januari 1977, tena tarehe 17 Januari 2002, ikapita katikati ya mji na kuteketeza hata kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, na tena Jumamosi jioni tarehe 22 Mei 2021, ikasimama Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Siku tano baadaye serikali iliamuru sehemu kubwa ya mji ihame, watu wakaelekea Sake, Bukavu na Rwanda. Ofisi ya uchunguzi wa volkano hapa mjini hutumia rangi nne: kijani ni hali ya kawaida, manjano ni kuwa macho, chungwa ni hatari iliyo karibu, nyekundu ni mlipuko. Fundisheni watoto rangi hizo kama wanavyofundishwa barabara. Lakini kumbukeni kwamba mwaka 2021 lava ilitoka bila onyo kutangulia. Kwa hiyo kijani si ruhusa ya kuufungua mfuko wa kukimbia nao.

Mfuko wenyewe uwe mmoja kwa familia, wa mgongoni, usiozidi kilo nane, uning'inizwe kwenye msumari karibu na mlango. Ndani: karatasi zote katika plastiki iliyofungwa vizuri, yaani kadi za mpiga kura (ndicho kitambulisho cha wengi wetu), vyeti vya kuzaliwa, vya ubatizo na vya ndoa, karatasi za kiwanja, ripoti za shule za mwaka wa mwisho; namba za simu zilizoandikwa kwa kalamu kwenye karatasi, kwa kuwa simu huzima; tochi na betri zake kando; lita mbili za maji; biskuti au karanga; chumvi, sukari na kijiko kidogo; sabuni; dawa za anayekunywa dawa kila siku, za wiki moja; vitambaa vya hedhi; kitenge kimoja kikubwa cha kubebea, kufunika na kutandika; na pesa kidogo za noti ndogondogo, faranga na dola, kwa kuwa usiku wa kukimbia hakuna mwenye chenji.

Mfuko huo hauharibiwi na lava. Unaharibiwa na maisha ya kila siku: sabuni ikiisha jikoni mtu anachukua ya kwenye mfuko, betri zinaingia kwenye redio, pesa zinalipa mkate. Ndiyo maana ukaguzi wake uwe sehemu ya sala ya Jumapili jioni. Mtoto mmoja anautoa, anataja kila kitu, mwingine anarudisha. Kinachokosekana kinaingia kwenye kazi za Jumatatu.

Pangeni pia nani anambeba nani. Bibi asiyeona vizuri ana mkono wa nani? Mtoto mchanga anafungwa mgongoni kwa nani kama mama yuko safarini? Nani anazima mbabula na mshumaa? Mwaka 2021 watoto wengi walipotezana na wazazi wao katika msongamano. Mtoto wa miaka mitatu anajua kusema “mama”, basi. Afundishwe majina kamili ya wazazi, avenyu, kartie (mtaa) na jina la parokia au kanisa, na namba ya simu iandikwe kwa kalamu isiyofutika kwenye upande wa ndani wa nguo yake. Chagueni sehemu mbili za kukutana, moja karibu, kwa mfano kanisa lenu, na ya pili mbali, kwa ndugu aliye upande ambao mtakimbilia. Msipozitaja mbili, ya kwanza ikiwa imezibwa mtazunguka bila mpango.

Kuna swali ambalo huchelewesha nyumba nyingi kuliko mizigo: nani anaamua tuondoke? Mume anasema tungoje, mke anasema twende, na wanabishana mlangoni huku majirani wamekwisha kupita. Kanuni tunayoipendekeza ni kwamba yeyote wa kwanza kati ya wazazi kusema “tutoke” anafuatwa bila neno. Hesabu ya kama alikosea ifanywe mkiwa mmefika. Kutoka bure mara tatu kuna hasara ndogo kuliko kukaa mara moja isiyofaa. Mume anayekubali hilo mapema, wakati wa amani, mbele ya watoto, amefanya tendo la ujasiri ambalo hakuna atakayempigia makofi.

Mambo machache yanayoua baada ya kuokoka na moto. Usirudi kuchukua godoro. Usikatize juu ya lava iliyoonekana kupoa. Mwaka 2021 kuna waliokufa walipojaribu, maana hewa yake ina sumu na chini bado kunawaka. Usikaribie mafuta yanayomwagika: mwaka 2002 kituo cha mafuta kililipuka watu wakiwa pale wakichota. Na mkielekea Sake, msilaze watoto mabondeni. Upande wa Mugunga na Bulengo kuna mazuku, gesi nzito isiyo na rangi inayotuama kwenye mashimo, hasa usiku na asubuhi kabla upepo haujaamka. Mtu mzima akisimama anaweza kusikia kizunguzungu tu huku mtoto aliyelala chini anakosa hewa kabisa. Ukiona wadudu, ndege au panya wamekufa shimoni, pandeni juu.

Milio ya risasi ni somo lingine, na mwishoni mwa Januari 2025, mapigano yalipoingia mjini, mji mzima ulilisoma, bila maji wala umeme. Mbao haizuii risasi, wala bati. Kinachosaidia ni ule ukuta mfupi wa mawe ya volkano ambao nyumba nyingi zimejengwa juu yake. Laleni kifudifudi nyuma yake, katika chumba cha katikati, mbali na mlango na dirisha. Sala wakati huo iwe ya kunong'ona, mstari mmoja mmoja, wote wakiitikia, ili mkubwa asikie kama kila sauti bado ipo. Hapo zile dakika kumi na tano za kila jioni zinalipa: watoto wanajua maneno, wanajua nani anafuata. Milio ikinyamaza, msitoke kuangalia. Na siku zinazofuata watoto waambiwe kila asubuhi: chuma usichokijua hakiguswi, hakipigwi teke, hakiletwi nyumbani. Kaa mbali, mwite mkubwa.

Usalama wa ndani ya nyumba nao ni sehemu ya imani. Mshumaa wa sala uwekwe ndani ya kopo lenye mchanga, juu ya kitu kisichoungua, angalau mkono mmoja kutoka kwenye pazia na ukuta, na usiachwe ukiwaka watu wakilala. Moto wa avenyu nzima za mbao huko Birere, au Kadutu kule Bukavu, huanza na kitu kidogo kama hicho. Mbabula yenye makala isilale chumbani hata kama baridi ya Juni inauma. Moshi unaweza usiuone, lakini gesi ya makala haina harufu na huua waliolala.

Ugonjwa hujaribu imani kuliko vita, kwa sababu huko mtu anaweza kudhani kusali peke yake ndiko kuamini. Kipindupindu hakingoji mkesha uishe. Mtoto anayehara maji meupe kama ya kuoshea mchele anaweza kufa ndani ya saa chache kwa kukaukiwa. Palepale changanyeni lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mnywesheni kidogokidogo, akitapika, subirini dakika kumi, muanze tena. Chumvi ikizidi inadhuru, kwa hiyo pimeni, msikadirie. Huku anakunywa mko njiani kwenda kituo cha matibabu, na njiani mnasali. Anayewaambia muache dawa ili imani ionekane hajawapenda watoto wenu. Kwa siku za kawaida, maji ya ziwani yatiwe klorini: kidonge cha miligramu 67 kwa bidoni ya lita 20 ya maji yasiyo na tope, kisha dakika 30 za kusubiri. Maji yenye tope yachujwe kwanza kwa kitambaa, la sivyo klorini inaliwa na uchafu.

Tumebakiza ujasiri wa mchana, ule wa kazini na sokoni. Goma ina kijana wake hapa: Floribert Bwana Chui, aliyezaliwa mjini humu mwaka 1981, mwanajumuiya wa Sant'Egidio (jumuiya ya Kikatoliki) aliyewatunza watoto wa barabarani, mkaguzi wa bidhaa mpakani. Alikataa rushwa ili chakula kilichoharibika kisipite kuja kwenye masufuria yetu, akauawa Julai 2007. Kanisa lilimtangaza mwenye heri tarehe 15 Juni 2025, huko Roma. Watoto wasimuliwe habari zake, lakini wasimuliwe hadi mwisho: alikataa jambo ambalo wengi walikuwa wakilipokea kila siku, kwa sababu ya mchele ulioharibika.

Nyumbani, mtu akirudi na kusema, “Leo nimekataa bahasha,” jibu la kwanza huwa, “Sasa tutakula nini?” Swali hilo ni halali. Anayelijibu kwa mstari wa Biblia peke yake amemwachia mwenzake mzigo wote. Familia inayotaka baba au mama awe na uso wa kukataa imuandalie akiba ya chakula ya wiki moja ya kusimama. Kwa watu saba, wiki moja ni karibu kilo 20 za unga, kilo 3 za maharagi, lita moja na nusu ya mafuta, robo kilo ya chumvi, na makala gunia nusu. Hainunuliwi kwa siku moja. Ongezeni kilo moja ya unga na kopo moja la maharagi kila mara mshahara au faida ikiingia, na wekeni juu ya mbao, si sakafuni, kwa sababu ya unyevu na panya. Kila mwezi kuleni ya zamani, mrudishie mpya.

Pesa nazo zipangwe hivyo hivyo. Tangu benki zilipofunga mwanzoni mwa 2025, wengi walijua ubaya wa kuweka akiba yote mahali pamoja. Likelemba, yaani upatu, inasaidia, ila inalipa kwa zamu, na shida haifuati zamu. Chama cha akiba na mikopo chenye sanduku kinafaa zaidi: watu 15 hadi 25 wanaofahamiana, hisa moja hadi tano kwa kila kikao, na mfuko wa kijamii kando kwa ugonjwa, msiba na mtu aliyepoteza kazi kwa kukataa uovu. Hilo la mwisho liandikwe kwenye kanuni mapema, maana likingoja litokee wanachama watabishana. Sanduku liwe na kufuli tatu na washika funguo watatu wasiokaa nyumba moja na mtunza sanduku. Katika mji kama huu pesa zisilale ndani: zikopeshwe zote kikao kilekile, mbele ya wote, kila mkopo ukiandikwa kwenye kitabu cha mkopaji na kukaririwa kwa sauti na kikao kizima, ili kitabu kikiungua hesabu ibaki vichwani. Mwizi akija atakuta mihuri na kalamu.